Mgeni huyu ni wa nani?

Kabla mguu wake haujakanyaga ufuo wa Mogadishu, mfanyabiashara mgeni alikuwa amekwisha kupata mwenyeji wa kumdhamini. Desturi hiyo, iliyoelezwa na msafiri Ibn Batuta katika karne ya 14, inafaa kutazamwa upya wakati huu ambapo wasemaji wengi wa Kiswahili wanaishi na kutafuta riziki katika nchi za watu.

Kwa hesabu ya wanahistoria wengi, ulikuwa mwaka 1331. Jahazi lililotoka Zeila, mwendo wa siku 15 baharini, liliukaribia mji wa Mogadishu likiwa limechukua wafanyabiashara pamoja na mwanachuoni mmoja kijana, mzaliwa wa Tangier nchini Morocco. Ibn Batuta alikuwa ameondoka kwao mwezi Juni mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, kwa nia ya kuhiji Makka. Hakurejea Morocco hadi mwaka 1349. Zeila hakuipenda hata kidogo. Mji ulinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, naye akaona heri alale chomboni, ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Mogadishu ilimpokea kwa namna nyingine kabisa.

Kwanza ilikuja mashua ya sultani. Waliokuwamo waliuliza chombo kimetoka wapi, mwenyewe ni nani, nahodha ni nani, kimepakia shehena gani na kimechukua wafanyabiashara gani. Majibu yakapelekwa kwa sultani. Baadaye zikaja mashua nyingine zilizojaa vijana wa mji, kila mmoja ameshika sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alipanda jahazini, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja lile sinia na kutamka mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wake. Mwenzake akafanya vivyo hivyo kwa mfanyabiashara mwingine, mpaka kila mmoja akawa na mwenyeji.

Asiyeijua desturi hiyo angeweza kudhani kwamba amevamiwa na wachuuzi. Kumbe sinia lile lilikuwa mkataba. Mfanyabiashara aliyelipokea aliposhuka pwani alikwenda nyumbani kwa kijana yule, wala si kwingine. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake, na ndiye aliyemnunulia alichokitaka. Mtu akinunua mali ya mgeni kwa bei ya kutupa, au akimuuzia mgeni kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa ni batili.

Hii ni fikra ya watu waliokwisha kuona mengi bandarini. Mgeni hajui lugha ya sokoni, hajui mizani ya mji wala bei ya jana, na hawezi kumtofautisha mwungwana na laghai. Akidhulumiwa mwaka huu, hapana shaka kwamba habari zitafika Aden na kwingineko kabla ya kaskazi nyingine kuvuma, na jahazi lake litatafuta bandari nyingine. Kumlinda mgeni kulikuwa ni kuulinda mji. Wala wenyeji hawakutoka mikono mitupu, kwani Ibn Batuta mwenyewe anasema kwamba walipata manufaa katika mpango huo. Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe, ina hesabu ya fedha ndani yake.

Kuna jambo moja katika maelezo yake ambalo ni rahisi kulipita bila ya kulitilia maanani. Mfanyabiashara aliyekwisha kufika Mogadishu mara nyingi na kujuana na watu wake hakulazimika kumfuata mwenyeji yeyote. Huyo alishukia popote alipopenda. Dhamana ya mwenyeji ilikuwa kwa ajili ya ugeni, na ugeni ulipokwisha, dhamana nayo ilikwisha.

Ama Ibn Batuta mwenyewe, kijana mmoja alipomjia na sinia, wenzake wa chomboni walimwambia kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni. Kijana akawaita wenziwe na kuwaeleza kwamba huyu ni mgeni wa kadhi. Kadhi alifika ufuoni akiwa na wanafunzi wake, akamtaka waende moja kwa moja kumwamkia shekhe, yaani sultani, kwa kuwa hilo ndilo jina walilomwita mtawala wao. Ibn Batuta alijibu kwamba atakwenda akishatua. Kadhi akamfahamisha kwamba desturi ya mji ni mwanachuoni, sharifu au mchamungu kutotua mahali kabla ya kuonana na sultani. Msafiri akakubali, wakaenda.

Huko aliletewa tambuu na popoo, akamiminiwa maji ya waridi ya Damascus, na akapewa nafasi katika nyumba ya wanafunzi. Chakula kililetwa mara tatu kwa siku: wali wa samli wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi, na pembeni ndimu za achari, pilipili, tangawizi na maembe. Mtu wa pwani anayeisoma orodha hiyo leo hahitaji mkalimani. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, aliletewa mavazi. Badala ya suruali, ambayo watu wa huko hawakuijua, alipewa shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, pamoja na nguo ya kitani ya Misri, joho na kilemba. Alivaa kama alivyopewa akaenda msikitini. Baada ya sala, sultani alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi na mgeni wavae vyao, kisha wakaongozana kwa miguu hadi kasri, na watu wengine wote wakatembea pekupeku. Kuvaa viatu mbele ya sultani ilikuwa heshima, na heshima hutolewa na mwenye mji. Mgeni aliyejivalia vyake bila ya kuambiwa, pengine angetazamwa kwa jicho jingine.

Kutoka hapo alielekea kusini hadi Mombasa, ambako alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo usiku huo ulitosha kwake kuona jambo ambalo wasafiri wengi wangelipita. Misikiti ilikuwa ya mbao, na mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye kijiti cha kushikia, ambacho bila shaka wenyeji wa leo wangekiita kata. Watu walitembea bila viatu, kwa hiyo aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaifuta kwenye kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni. Hakuna aliyemwandikia mgeni tangazo ukutani. Alitazama waliomtangulia wanafanya nini.

Kilwa alimkuta Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amezivaa, siku ya Ijumaa, hadharani. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa. Mwana wa sultani akazichukua tena nguo zile na badala yake akampa yule Myemeni watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hicho husimuliwa mara kwa mara kuwa mfano wa ukarimu wa pwani, na kwa kweli ni ukarimu. Lakini watu ishirini waliotolewa zawadi siku ile nao walikuwa wageni Kilwa. Walitolewa makwao kwa nguvu, hawakuijua lugha ya mji wala desturi zake, na hakuna kijana aliyewatokea na sinia kusema hawa ni wageni wangu. Ibn Batuta, aliyeandika hata kina cha visima vya Mombasa, hakuandika jina la hata mmoja wao. Anayeusifu ulinzi wa mgeni katika miji ya zamani hana budi kuuliza ni mgeni yupi aliyelindwa.

Kwa mwenye elimu ya dini, ulinzi huo ulivuka bahari. Katika miaka ya 1340, nje ya pwani ya Malabar huko India, chombo cha Ibn Batuta kilizingirwa na merikebu 12 za maharamia. Walimpokonya vito, nguo na akiba yake yote, wakamwacha na suruali tu. Alirudi Calicut katika hali hiyo. Mwanachuoni mmoja akamletea nguo, kadhi akamletea kilemba, na mfanyabiashara akamletea nguo nyingine. Hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha. Elimu yake, lugha ya Kiarabu na sheria aliyoisomea ndizo zilizokuwa pasipoti.

Si kwamba alikuwa mgeni mwepesi. Visiwani Maldives, alipofanywa kadhi, alijaribu kuwalazimisha wanawake kujifunika kifua, akashindwa isipokuwa ndani ya baraza lake. Nchini Mali, mwaka 1352, aliitwa kupokea zawadi ya Mansa Sulayman akitarajia mavazi na fedha. Alipoletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha mtindi, alicheka. Baadaye alimlalamikia mfalme mbele ya watu, naye akapewa nyumba na posho. Kwa desturi ya makasri aliyoyazoea, zawadi ile ilikuwa dharau. Waliomletea waliiona kuwa heshima. Ni haki kusema kwamba katika kisa hiki aliyekosa adabu si Mansa.

Hata hivyo, msafiri huyo huyo aliyecheka ndiye aliyeacha sifa kubwa kuhusu usalama wa Mali. Aliandika kwamba msafiri na mkaazi wote hawakuwa na hofu ya mwizi wala mnyang'anyi, na kwamba mgeni mweupe akifia nchini humo mali yake haikuguswa, hata ikiwa nyingi namna gani, bali iliwekwa kwa mtu mwaminifu mpaka mwenye haki aje kuichukua.

Desturi ya Mogadishu haikufa pamoja na Ibn Batuta. Karne tano baadaye, Mwingereza Richard Burton aliikuta kwa Wasomali wa Berbera na Zeila kwa jina la abani. Katika kitabu chake cha mwaka 1856 alieleza kwamba abani ni dalali, mlinzi, wakala na mkalimani kwa pamoja, na kwamba alipata sehemu yake katika kila biashara ya mgeni. Mwenziwe Burton, John Hanning Speke, aligombana na abani wake, akimshutumu kwa kumlaghai, na shauri likaishia katika mahakama ya Waingereza mjini Aden ambako abani alifungwa. Mwezi Aprili mwaka 1855 kambi yao nje ya Berbera ilishambuliwa usiku. Mwenzao William Stroyan aliuawa, Speke akajeruhiwa vibaya, na Burton akachomwa mkuki uliopenya mashavu yote mawili.

Ng'ambo ya pili ya bahari hiyo hiyo, katika nchi za Ghuba, neno linalosikika leo ni kafala, yaani udhamini, na mdhamini huitwa kafili. Katika sheria ya Kiislamu kafala ni mtu kusimama dhamana kwa ajili ya mwingine, na kwa juu juu hapana tofauti na sinia la Mogadishu: mgeni asiyejulikana, na mwenyeji anayemjibia. Lakini mpango ulivyotumika baada ya kupatikana mafuta uliondoa kile kipengele ambacho ni rahisi kukipita. Mfanyakazi aliyekaa miaka 20, anayeijua kila njia ya mji na kuzungumza Kiarabu kama mzaliwa, alibaki chini ya kafili kama aliyeshuka jana katika ndege. Hakuweza kubadili kazi bila ya ridhaa yake, na katika baadhi ya nchi hakuweza hata kuondoka. Mwenyeji wa Mogadishu alihofia jina lake kuharibika bandarini. Kafili mwenye pasipoti ya mtumishi wa nyumbani ndani ya kabati hana bandari ya kuihofia.

Mabadiliko yamekuwapo. Qatar, ambayo sheria zake zinamkataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi, mwaka 2020 iliondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Saudi Arabia ilianza marekebisho yake mwezi Machi mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa humo, na hao ndio kundi walimo wanawake wengi kutoka Kenya na Uganda.

Kwa aliyekamatwa au kuzuiliwa ugenini, upo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi. Ibara yake ya 36 inawataka wakuu wa nchi mwenyeji wamweleze mgeni kwamba ana haki ubalozi wake uarifiwe, na wauarifu bila kukawia. Ila wanafanya hivyo ikiwa mgeni mwenyewe ataomba, na wapo wanaozuiliwa ambao hawajapata kuambiwa kwamba haki hiyo ipo.