Chumvi Haihitaji Bahari

Usiku wa 12 Agosti 2020, vitanda vilitingishika kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa mpaka Nairobi. Tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilikuwa limetokea chini ya bahari, pwani ya Tanzania. Wengi walitoka nje, wakaposti, wakarudi kulala. Sisi Wakenya tunapenda kusema matetemeko ni ya Japani na Uturuki. Si kweli.

Tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kenya. Ardhi ilipasuka kwa kilomita nyingi. Bahati ni kwamba maghorofa ya kuangukia watu hayakuwepo. Leo yako kila mahali. Na kule Bukoba, Septemba 2016, tetemeko dogo zaidi, la 5.9, liliua watu zaidi ya 15.

Sasa ongeza chumvi. Zamani Pwani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Fort Jesus imesimama tangu miaka ya 1590, na kuta zake hazitegemei vyuma vya ndani. Karne ya 20 ikaleta zege lenye vyuma. Zege zuri hulinda chuma, lakini chumvi ikipenya, kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo hupasua zege kutoka ndani. Wewe unaona ufa mdogo kwenye nguzo, kumbe vyuma vimekonda. Ardhi ikitikisika, vyuma ndivyo vinavyofaa kupinda ili jengo lisikatike. Vikiwa vimeliwa, hakuna cha kulishika.

Utaniuliza, Mandera inaingia wapi? Bahari iko mbali. Ni kweli, lakini onja maji ya visima vingi vya huku kwetu, au ya Wajir. Chumvi! Tangu kaunti zianze 2013, mijengo imeongezeka, na fundi akikosa maji matamu, atakoroga simiti na yaliyopo. Pwani, chumvi huchukua miaka kufika kwenye chuma. Huku tunaitia wenyewe siku ya kwanza, halafu tunapiga rangi juu.

Kwa hivyo wazazi wakianza kujenga, usiulize rangi ya geti kwanza. Uliza maji ya kukoroga yametoka wapi. Na kama unapanga, angalia nguzo za chini: madoa ya kutu na zege linalobanduka si urembo wa nyumba kuukuu. Ni onyo, na halihitaji tetemeko la 6.9 kutimia.