Kunde Katikati ya Mahindi: Mkulima wa Malawi na Amri ya Serikali

Ukisafiri katika vijiji vya kusini mwa Malawi wakati wa mvua, utakuta tuta moja limebeba mahindi, kunde, mbaazi na maboga. Mgeni huweza kudhani kuwa mwenye shamba hana mpango. Kumbe mpango upo, na historia yake inatufundisha jambo kuhusu uhusiano wa serikali na raia.

Nchi hiyo ilipokuwa koloni la Uingereza, ikiitwa Nyasaland, maofisa wa kilimo waliamini kuwa kilimo bora ni kila zao kuwa na shamba lake. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Kunde zilizopandwa peke yake hupata jua lote, hutoa punje nyingi zaidi, na ni rahisi kuzinyunyizia dawa ya wadudu. Chini ya kivuli cha mahindi, mavuno yake hupungua.

Mkulima naye alikuwa na hesabu yake. Ardhi yake ilikuwa ndogo, nayo mvua ilikuja msimu mmoja tu kwa mwaka. Majani ya kunde huchumwa kuwa mboga wiki chache baada ya kuota, katika miezi ile ghala linapokuwa tupu na mahindi mapya bado hayajakomaa. Kunde hutandaa na kuzuia magugu, na bakteria waishio katika mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Tena, mahindi yakikaushwa na jua, huenda kunde zikasalimika.

Tazama mfano huu wa kubuni. Ekari ya mahindi pekee inatoa magunia 10, na ekari ya kunde pekee inatoa magunia 4. Ukiyachanganya mazao hayo katika ekari moja, unapata magunia 8 ya mahindi na 2 ya kunde. Kila zao limepungua. Hata hivyo, ili upate mavuno hayo katika mashamba tofauti, ungehitaji ekari 0.8 ya mahindi na ekari 0.5 ya kunde, yaani ekari 1.3. Ofisa alipima zao moja. Mkulima alipima chakula cha mwaka mzima.

Tofauti hiyo ya mitazamo ingeweza kumalizwa kwa mazungumzo. Badala yake, katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuhifadhi udongo na kuwalazimisha wakulima kutengeneza matuta kwa namna iliyoagizwa. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Wananchi waliziita kanuni hizo malimidwe, neno lenye mzizi uleule wa kitenzi chetu “kulima”. Udongo ulihitaji kweli kuhifadhiwa, lakini amri iliyokuja pamoja na adhabu ilizaa chuki. Chama cha Nyasaland African Congress kiliigeuza chuki hiyo kuwa nguvu ya kisiasa, hasa baada ya Dkt. Hastings Kamuzu Banda kurejea nchini mwaka 1958. Tarehe 6 Julai 1964, Malawi ikawa huru.

Je, uhuru ulibadilisha mafundisho ya shambani? Si mara moja. Maofisa wa serikali mpya nao waliendelea kuhimiza shamba la zao moja, wakilihusisha na mbegu bora, mbolea na mikopo. Watafiti wa Chuo cha Kilimo cha Bunda, karibu na Lilongwe, walipojaribu kilimo cha mchanganyiko katika miaka ya 1970, ndipo desturi ya wanakijiji ilipoanza kupewa uzito wa kitaalamu.

Sisemi kwamba kuchanganya ni bora daima. Mwenye ardhi ya kutosha, dawa na soko la kunde ana sababu nzuri ya kuzipanda peke yake. Mwenye nusu ekari na watoto wa kulisha ana sababu nzuri ya kuchanganya. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi, mwanafunzi wangu, siku utakapokuwa ofisa, diwani au mbunge, ukakuta watu wakifanya jambo usilolielewa, anza kwa kuwauliza sababu. Huenda wamekwisha kupiga hesabu ambayo wewe bado hujaijua.