Notisi zinazoungana: Jinsi ya kuchagua programu itakayotunza kumbukumbu zako

Namba ya fundi ipo WhatsApp. Jina la dawa ya kuku limo kwenye picha iliyopigwa dukani. Maelezo ya semina yako kwenye daftari ambalo halijulikani liliko. Kwa watumiaji wengi wa simu, kuandika si tatizo. Kazi ipo kwenye kukipata kilichoandikwa siku kinapohitajika.

Tangu Novemba 2022, WhatsApp inamruhusu mtu kujitumia ujumbe mwenyewe, na wengi wanaitumia hivyo kama daftari. Kwa jambo la leo na kesho, inatosha. Ila baada ya miezi sita, ujumbe muhimu unakuwa umefunikwa na mamia ya mengine, na hakuna kinachouunganisha na jambo linalofanana nalo.

Hapo ndipo zinapoingia programu za notisi zinazoungana. Zipo nyingi, na karibu zote zinajinadi kuwa bora. Haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kuhamishia mambo yako yote huko.

Zinafanyaje kazi?

Daftari la kawaida la kwenye simu hupanga notisi kwa folda au kwa tarehe. Programu za notisi zinazoungana zinaongeza kitu kimoja: kila notisi inaweza kuitaja nyingine, na ukibofya jina lake unapelekwa huko moja kwa moja.

Chukua mfano wa mfugaji wa kuku. Leo anaandika: "Banda la pili, vifaranga 40 wamechanjwa [[Mdondo]]." Mabano mraba mawili mawili yanageuza neno Mdondo kuwa kiungo. Mwezi ujao anaandika kuhusu bei ya chanjo na kulitaja tena neno lile lile.

Siku akifungua notisi ya Mdondo, anakuta chini yake orodha ya kila mahali ilipotajwa: tarehe ya chanjo, bei, banda lililougua. Hakuipanga orodha hiyo, programu imeikusanya yenyewe. Hivyo ndivyo viungo vya kurudi, na ndivyo vinavyozitofautisha programu hizi na daftari la kawaida.

Wazo lilikuwepo kabla ya simu

Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliandika mawazo yake kwenye kadi za karatasi. Kila kadi aliipa namba, kisha akaandika juu yake namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo. Aliacha kadi zipatazo 90,000, na kwa msaada wake alichapisha vitabu kadhaa na mamia ya makala.

Mwaka 1945, mwanasayansi wa Marekani Vannevar Bush alieleza kwenye jarida la The Atlantic mashine aliyoifikiria na kuipa jina la memex, ambayo ingemwezesha mtu kuunganisha nyaraka zake kwa njia anazozichora mwenyewe. Mashine ile haikuwahi kutengenezwa, lakini leo kazi yake inafanywa na simu ya mfukoni.

Swali la kwanza: notisi zinakaa wapi?

Wengi huanza kwa kuuliza programu ipi ina muonekano mzuri. Swali lenye uzito zaidi ni hili: kampuni ikibadilisha masharti au ikifunga, notisi zitakuwa za nani?

Evernote ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi ilikuwa moja ya programu maarufu zaidi za notisi duniani. Baada ya kununuliwa na kampuni ya Italia ya Bending Spoons, Desemba 2023 iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha notisi 50 na daftari 1. Waliokuwa nazo nyingi zaidi hawakunyang'anywa, waliweza kuzisoma na kuzihamisha. Ila kuandika mpya bila kulipia ikawa basi.

Mfano mwingine ni Pocket, programu ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye. Mmiliki wake, Mozilla, aliifunga Julai 2025. Watumiaji walipewa muda wa kutoa vitu vyao, lakini asiyesikia taarifa kwa wakati angebaki mikono mitupu.

Kwa hiyo kuna makundi mawili makubwa:

• Programu zinazoweka notisi kama mafaili ya kawaida ndani ya simu au kompyuta. Programu ikifa leo, mafaili yanabaki na yanafunguka kwa programu nyingine.

• Programu zinazoweka notisi kwenye seva za kampuni. Ni rahisi kuzitumia kwenye vifaa vingi, lakini mtumiaji anategemea kampuni iendelee kuwepo na bei isipande.

Mafaili ya kundi la kwanza mara nyingi huandikwa kwa Markdown, mtindo uliotangazwa na John Gruber mwaka 2004. Ni maandishi ya kawaida yenye alama chache, kwa mfano alama ya reli kwa kichwa cha habari na nyota kwa neno zito. Yanasomeka hata bila programu maalumu.

Programu zenyewe

Obsidian ilianza mwaka 2020 na ikafika kwenye simu mwaka uliofuata. Notisi zake ni mafaili ya Markdown yanayokaa kwenye kifaa cha mtumiaji, na haihitaji kufungua akaunti. Kuitumia ni bure. Kinacholipiwa ni huduma za ziada, kama ile ya kufanya notisi za simu na kompyuta zilingane, ambayo huanzia dola 4 kwa mwezi kwa anayelipia mwaka mzima. Udhaifu wake ni kwamba ina vitu vingi vya kuongeza, na mgeni anaweza kumaliza wiki akipamba programu bila kuandika chochote.

Logseq ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kila unachoandika kinakuwa nukta katika orodha, na programu inafungua ukurasa mpya kwa kila siku. Inamfaa anayeandika vipande vifupi vifupi: mkutano wa kikundi, matumizi ya siku, wazo la ghafla. Kwa insha ndefu, orodha ya nukta inachosha. Pia watengenezaji wake wamekuwa wakijenga toleo jipya linalohifadhi notisi kwenye hifadhidata badala ya mafaili ya kawaida, hivyo ni vyema kujua unapakua toleo lipi.

Roam Research ndiyo iliyoupa mtindo huu umaarufu mkubwa mwaka 2020. Bei yake ya kawaida ni dola 15 kwa mwezi, na notisi hukaa mtandaoni. Kwa bei hiyo, wengi wanapata karibu huduma ile ile kwingine bila kulipa.

Notion inajulikana zaidi kwa majedwali na kazi za pamoja, ingawa nayo ina viungo vya kurudi. Mtu mmoja anaweza kuitumia bure, lakini faili moja la kupandisha lisizidi MB 5. Kwa miaka mingi lawama kubwa dhidi yake ilikuwa kushindwa kufanya kazi bila intaneti, hadi Agosti 2025 ilipoanza kuruhusu kurasa kutumika nje ya mtandao. Notisi ziko kwenye seva za kampuni.

Joplin nayo ni huria na ya bure. Inaweza kulinganisha notisi kati ya vifaa kupitia Dropbox, OneDrive au Nextcloud, na mtumiaji anaweza kuwasha ufungaji wa siri ili mwenye seva asizisome. Kuunganisha notisi kunawezekana, ila si kwepesi kama kwenye Obsidian au Logseq.

Anytype huhifadhi vitu kwenye kifaa kwanza na kuvifunga kwa siri. Ufunguo wake ni maneno 12 anayopewa mtumiaji mwanzoni. Akiyapoteza maneno hayo pamoja na simu, hakuna wa kumrudishia.

Wenye iPhone wanaweza wasihitaji kupakua chochote. Tangu iOS 17 ya mwaka 2023, programu ya Notes ya Apple inaruhusu kuunganisha notisi moja na nyingine. Google Keep, inayopatikana kwenye simu nyingi za Android, ni nyepesi na nzuri kwa orodha na vikumbusho, lakini haikukusanyii viungo vya kurudi.

Bando na simu yenyewe

Kwa anayenunua bando la siku, programu inayokaa ndani ya simu ina faida ya wazi: inafunguka hata bando likiisha. Ile inayotegemea seva inaweza kugoma pale pale kwenye daladala au kijijini, wakati unaihitaji.

Maandishi hayali nafasi, maana maelfu ya notisi yanaweza kuwa madogo kuliko video moja ya dakika chache. Kinachojaza simu ni picha, sauti na PDF zinazobandikwa ndani yake.

Wa Obsidian kwenye Android wawe makini na jambo moja. Mwanzoni programu inauliza mafaili yawekwe wapi. Ukichagua hifadhi ya ndani ya programu yenyewe, siku ukiifuta, notisi zinakwenda nayo. Ukichagua folda ya kawaida ya simu, zinabaki.

Usalama: simu ikiibiwa je?

Notisi zilizoko kwenye simu tu zinapotea na simu. Kwa hiyo kukaa ndani ya simu pekee si ulinzi. Inatakiwa nakala ya pili mahali pengine: kompyuta, kadi ya kumbukumbu, au hifadhi ya mtandaoni. Nakala ya mara moja kwa wiki inamtosha mtu wa kawaida.

Jambo lingine ni usiri. Mafaili ya Markdown hayafungwi yenyewe, hivyo aliyeweza kuifungua simu anaweza kuyasoma. Kwa upande wa pili, notisi zilizo kwenye seva bila ufungaji wa siri wa mwanzo hadi mwisho, kampuni ina uwezo wa kiufundi wa kuzifikia. Vyovyote vile, namba za siri za pesa za simu, nywila na taarifa za wagonjwa au wateja si vya kuweka kwenye notisi za kawaida.

Jaribu kabla ya kuhamia

Njia ya uhakika ni kujaribu programu mbili kwa wiki mbili, kwa notisi chache tu:

1. Andika notisi 20 za mambo halisi ya kazi, masomo au nyumbani, zile zile kwenye programu zote mbili.

2. Zima intaneti siku nzima. Je, bado unaweza kuandika na kutafuta?

3. Tafuta kitu ulichoandika siku ya kwanza. Hesabu umechukua muda gani kukipata.

4. Toa notisi zote nje ya programu, kisha zifungue kwa programu nyingine. Angalia kama viungo na picha bado vipo.

5. Kwenye kompyuta au simu nyingine, jaribu kuzirudisha kutoka kwenye nakala yako.

Hatua ya nne na ya tano ndizo watu huziruka, na ndizo zinazoonyesha kama mtu anamiliki notisi zake au amezikopa tu. Programu inayofeli hapo haifai kubeba kumbukumbu za miaka kumi, hata kama ina rangi za kuvutia na ramani ya nukta zinazong'aa.

Kwa kifupi

Anayetaka orodha ya sokoni na vikumbusho abaki na Google Keep au Notes ya iPhone, hakuna haja ya kujisumbua. Mwanafunzi, mwandishi au mtafiti anayetaka notisi za muda mrefu aanze na Obsidian. Anayeandika kwa nukta za kila siku ajaribu Logseq. Wanaofanya kazi kwa pamoja na wana intaneti ya uhakika, Notion itawafaa. Anayejali msimbo huria na usiri ajaribu Joplin.

Na kwa atakayebaki na WhatsApp, kuna ushauri mmoja: jumbe anazojitumia azihamishie kwenye faili angalau mara moja kwa mwezi, kabla simu haijadondoka kwenye maji.