Bisibisi Iliyoteleza
Mnamo 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga, hadi New York. Wamarekani waliyatumia kuunda bomu la atomu. Majina ya Wakongo walioyachambua kwa mikono hatuyasomi popote.

Jina la Louis Slotin twalisoma. Tarehe 21 Mei 1946, huko Los Alamos, alikuwa akipima ukomo wa hatari wa kiini cha plutoni, ambayo hutengenezwa kwa urani. Kiini hichohicho kilikwisha kumuua Harry Daghlian mwaka 1945. Slotin alitenganisha mabakuli mawili ya berili kwa bisibisi tu (ajabu ya mtaalamu!). Ikateleza; mabakuli yakafungana, nyutroni zikarudishwa ndani, mwanga wa buluu ukamulika. Alifariki siku 9 baadaye.

Majaribio ya mkono yakapigwa marufuku, mitambo ikaendeshwa kwa mbali. Vipimo vilivyopatikana hivyo ndivyo vigezo vya kukagulia hesabu za usalama hadi leo.

Shinkolobwe ulifungwa rasmi Januari 2004. Julai ukaporomoka, ukawaua wachimbaji wadogo, watu wa kazi ileile ya wenzetu wa dhahabu hapa Busia.