Ngitili si pori

Mimi huku Bonn, Ujerumani, ni mzima, baridi tu ndiyo inatutesa. Nasikia vijana wa ukoo mnataka kuilima ngitili ya babu kwa sababu eti ni pori limekaa bure. Kabla hamjaita trekta, naomba tuangalie historia kidogo.

Hapa Bonn alifundisha mwanajiografia aitwaye Carl Troll (1899–1975). Mwaka 1939 aliandika juu ya picha za ardhi zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na ndipo akaipa jina elimu mpya: ikolojia ya mandhari. Savana za Afrika Mashariki ni kati ya nchi alizozichunguza. Hoja yake ni nyepesi. Ukisimama chini unaona mti, kichuguu, ng'ombe. Ukitazama kutoka juu unaona vinavyohusiana: maji yanakoelekea, udongo unapobadilika, majani yanapobaki wakati wa kiangazi.

Sasa basi, wazee wetu wa Kisukuma hawakuwa na ndege, lakini hayo waliyajua. Mvua zikianza walifunga sehemu ya malisho, majani yakakua. Kiangazi kikikolea waliifungua kidogo kidogo, ndama na maksai wa kulimia wakipewa nafasi ya kwanza. Hiyo ndiyo ngitili. Dagashida iliweka sheria, na mvunjaji alitozwa faini.

Iliharibikaje? Enzi za Waingereza vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kuua mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa, wakaziacha ngitili zao mbali, na kitu kisicho na mwenyewe mnajua mwisho wake. Kufikia mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu mkoa mzima.

Mwaka huo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi 2004. Ulianza na vitalu vya miche, lakini mafanikio makubwa yalikuja pale wananchi waliporudishiwa utaratibu wao. Walifunga maeneo, na visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ikachipua yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Majani yalirudi, pamoja na kuni, dawa, asali na miti ya kujengea.

Wafugaji wa Kiteto nao wametufundisha jambo jingine. Vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilipanga ardhi kwa pamoja na kutenga malisho ya wote, OLENGAPA, kwa sababu ng'ombe na mvua havijui mpaka wa kijiji.

Kwa hiyo ndugu zangu, msiipime ngitili kwa ekari zake peke yake. Ipimeni kwa mwezi wa tisa, malisho mengine yote yakiwa vumbi tupu. Mkiilima, maksai watakula wapi ili wawe na nguvu ya kulima hayo mashamba mengine? Na majirani wanaoitegemea je, wameulizwa?

Kama shamba jipya ni lazima, kaeni na wazee, chagueni pembeni, mbali na njia ya maji. Bishaneni, kisha mniandikie mlichoamua.