Ngao Yenye Mlango: Historia Fupi ya Upepo wa Jua na Sumaku ya Dunia

Wengi wetu tunapowaeleza wanafunzi habari za sumaku ya dunia hutumia neno "ngao". Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, likiachwa peke yake, huficha nusu ya habari.

Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington aliona mmweko mkali usoni pa jua. Haikupita siku nzima, sindano za dira zikayumba na mitambo ya telegrafu ikavurugika. Mwaka 1931, Sydney Chapman na Vincent Ferraro walieleza kwamba chembe za umeme zitokazo kwenye jua huubana uga wa sumaku wa dunia. Mwaka 1958, Eugene Parker alionyesha kwamba chembe hizo huvuma daima, nao ndio upepo wa jua, tena hubeba uga wa sumaku wa jua lenyewe.

Swali likabaki: ikiwa ngao imefungwa, dhoruba huingia kwa njia gani?

Jibu lilitolewa na James Dungey mwaka 1961. Upande unaolikabili jua, uga wa dunia huelekea kaskazini. Uga wa upepo nao ukielekea kaskazini, mlango hubaki karibu umefungwa. Ukielekea kusini, mistari ya pande mbili hukatika na kuungana upya, kisha huburutwa juu ya ncha za dunia hadi upande wa usiku, ambako huungana tena na kuachilia nguvu nyingi.

Mwaka 1966, Donald Fairfield na Laurence Cahill waliunga mkono wazo hilo kwa vipimo vya setilaiti Explorer 12. Nasi Afrika Mashariki hatukuwa mbali: tarehe 15 Novemba 1971, Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, kwenda kuchunguza dhoruba za sumaku.

Jambo hili si la vitabuni tu. Tarehe 13 Machi 1989, dhoruba ya aina hiyo iliwakosesha umeme watu wapatao milioni 6 huko Quebec, Kanada.

Hivyo basi, tusilitupe neno "ngao", bali tulifafanue. Mwanafunzi aelewe kwamba ngao hii ina mlango, na kwamba kasi ya upepo peke yake haitoshi kuufungua. Mwelekeo wa sumaku yake ndio ufunguo.