Glasgow: Vifo Vilivyoanzia Mezani

Meli ya MV Victoria, ambayo wasafiri wa Mwanza na Bukoba wameipanda kizazi baada ya kizazi, iliundwa Scotstoun, Glasgow, Uskoti, katika karakana ya Yarrow. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaungwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Siku hizo kingo za mto Clyde, unaopita Glasgow, bado zilikuwa na kazi, ingawa si kama mwaka 1913, ambapo takriban sehemu moja ya tano ya meli zote zilizoundwa duniani ilitoka hapo.

Leo mji huo unatajwa kwa jambo zito: watu wake hufa mapema. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kuwa mwanamume wa mtaa wa Calton, mashariki mwa Glasgow, alitarajiwa kuishi miaka 54. Wa Lenzie, kilomita chache kutoka hapo, miaka 82. Wengi walinyooshea kidole pombe, sigara na vyakula vya kukaanga. Lakini mwaka 2010 watafiti waliilinganisha Glasgow na Liverpool na Manchester, miji iliyopoteza viwanda vivyo hivyo na yenye umaskini wa kiwango kilekile. Vifo vya watu walio chini ya miaka 65 vilikuwa vingi zaidi Glasgow kwa karibu asilimia 30. Pombe na dawa za kulevya zilichangia sana, ila swali likabaki palepale: kwa nini hapa kuliko Liverpool?

Sehemu ya jibu imo katika siasa, na uwezo wa siasa kuokoa maisha Glasgow iliujua mapema. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 4,000. Halmashauri ikaamua kuvuta maji kutoka Loch Katrine, ziwa la milimani, na mwaka 1859 yakafunguliwa. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, waliokufa hawakufika mia. Uamuzi mmoja wa baraza, na maelfu wakapona.

Uamuzi wa karne iliyofuata ulikwenda upande mwingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mji wenye watu zaidi ya milioni moja ulikuwa umebanana vibaya, familia nzima katika chumba kimoja. Scottish Office, idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia mambo ya Uskoti, ilijenga miji mipya nje ya Glasgow: East Kilbride kuanzia 1947, Cumbernauld 1955, Livingston 1962, Irvine 1966. Viwanda vipya vilielekezwa huko. Vijana wenye ujuzi na familia zao changa wakafuata, kwa sababu ndio waliochaguliwa. Wazee, wagonjwa na vibarua wasio na ufundi walibaki.

Hapa ndipo kiini cha habari hii kilipo, maana wakubwa hawakuwa gizani. Mwaka 1971 maofisa wa Scottish Office waliandika waraka kuhusu hali ya Glasgow, wakikiri kwamba mji ulikuwa ukiachiwa wazee, maskini na wasioajirika. Nyaraka za aina hiyo zilifungiwa kwa miaka 30. Zilipofunguliwa, watafiti kama David Walsh, Gerry McCartney na Chik Collins walizifanyia kazi katika ripoti yao ya 2016. Kukosea bila kujua ni jambo moja. Kuona madhara, kuyaandika kwenye karatasi, kisha kuendelea, ni jambo jingine kabisa. Mji mpya wa mwisho, Stonehouse, haukufutwa hadi mwaka 1976, ndipo fedha zikaelekezwa mashariki mwa Glasgow. Kufikia mwisho wa karne mji ulikuwa na watu wapatao 600,000.

Waliobaki walihamishiwa mitaa mikubwa ya pembezoni, kama Easterhouse na Drumchapel, yenye nyumba nyingi na maduka machache, au maghorofa yaliyojengwa harakaharaka. Katika mtaa wa Gorbals kulikuwa na nyumba za Hutchesontown E, zilizojengwa kwa mfumo wa kuunganisha vipande vya zege. Muda si mrefu kuta zikavuja maji na kuota kuvu. Wapangaji waliambiwa kosa ni lao, hawafungui madirisha wala hawapashi nyumba joto vya kutosha. Wakagoma kulipa kodi, nao walikuwa na haki kabisa. Nyumba zile zilibomolewa mwaka 1987, baada ya muda mfupi mno kwa umri wa nyumba.

Miaka ya 1980, chini ya waziri mkuu Margaret Thatcher, Liverpool ilipambana waziwazi na serikali kuu, na watafiti wanaona mshikamano huo uliwakinga watu wake kwa kiasi fulani. Glasgow ilielekeza nguvu katikati ya mji: maonyesho ya bustani mwaka 1988, heshima ya Mji wa Utamaduni wa Ulaya mwaka 1990. Wageni walikuja. Easterhouse ilipata kidogo.

Kisha ukaja mwaka 2010, serikali mpya ya London ikaanza kubana matumizi na kukata ruzuku za wasiojiweza. Tangu karibu mwaka 2012 umri wa kuishi Uskoti umeacha kupanda kama zamani, na katika mitaa maskini kabisa umeshuka. Walsh na McCartney, walewale waliosoma nyaraka za zamani, ni miongoni mwa waliouhusisha mdororo huo na maamuzi ya bajeti.